Nionyeshe Mtu Anayekucheka

Ninyi mnaoanza kuandika kwa kukodiwa huniuliza, mnapopita hapa kwangu Kabeza, Kigali, ni kifaa gani kilichonifaa zaidi katika miaka yote ya kazi. Mnatazamia nitaje kamusi, au kompyuta, au birika la chai ya tangawizi. Jibu langu huwakatisha tamaa: ni woga. Niliuweka mezani kama fundi cherehani anavyoweka mkasi, karibu na mkono wa kulia, na mara nyingi ndio ulionikatia kitambaa mahali panapofaa. Nimeiacha kazi mwaka huu kwa sababu ya macho, si kwa sababu ya uzee. Nywele zangu bado ni nyeusi zaidi kuliko nyeupe. Woga, hata hivyo, haujastaafu. Mpaka leo pikipiki ikizima injini mbele ya lango, mimi hunyamaza kwanza, hadi nijue ni nani aliyeshuka.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuandika maneno ambayo wengine wangeyasema kama yao: wasifu wa marehemu, hotuba za kuagana kazini, historia za koo, risala za harusi. Zaidi ya yote niliandika maneno ya gusaba, siku ile ambapo upande wa mvulana huja kumwomba binti kwa wazazi wake. Mnaijua: mahema mawili yanatazamana, kila upande una msemaji wake, na wasemaji hao hushindana kwa maneno matamu kana kwamba binti hatatoka ndani kamwe. Wa upande wa binti atadai kwamba binti amekwenda kusoma ng'ambo, au ameshaposwa na mwingine; wa upande wa mvulana atajibu kwa sifa, kwa methali, kwa ng'ombe. Watu husema wasemaji huyatoa maneno hayo vifuani. Baadhi huyatoa huko kweli. Wengine waliyatoa hapa kwangu, katika chumba hiki chenye dirisha linalotazama kibanda cha vocha.

Wateja wa kukataa bila kufikiri ni wengi, na hao hawaogopeshi. Nilimkataa bwana aliyetaka hotuba ya kumuaga mkubwa wake iwe na matusi ambayo mkubwa mwenyewe asingeyatambua. Nilimkataa mama aliyetaka historia ya ukoo wake ianzie kwa mfalme. Aliponiuliza sababu, nikamwambia kwamba wafalme waliopita mezani pangu walikuwa wamezidi, nami nilikuwa natafuta walau ukoo mmoja ulioanzishwa na mchunga mbuzi. Aliondoka akisonya. Baadaye alimleta mdogo wake, naye alikuwa na mbuzi wa kutosha.

Kuna jambo moja la kukariri. Ukimkataa mtu, usimwambie kwamba una kazi nyingi. Atakusubiri, na mtu aliyekusubiri hujiona ana haki juu yako. Wala usimpeleke kwa mwandishi mwenzako ili akuondokee. Huko ni kumwaga maji machafu uani kwa jirani. Sema, "Kazi hii sitaifanya," kisha nyamaza. Ukimya unaofuata sentensi hiyo ni mgumu kuliko sentensi yenyewe, na wengi wenu mtashindwa hapo. Mtaanza kueleza, na kila maelezo ni mlango.

Lakini utajuaje ni nani wa kumkataa? Hapo sina budi kumtaja Bibi Verediana, mwanamke aliyekuwa akiandika michezo ya redio Dar es Salaam, na ambaye baada ya kustaafu aliandika wasifu wa marehemu kwa majirani zake wote wa Sinza. Mimi nilikulia Karagwe, katika familia ya wakimbizi kutoka Rwanda, nikaenda Dar kusoma chuo, na ni yeye aliyenipa kazi yangu ya kwanza: wasifu wa fundi seremala mmoja. Nilikwenda kwa mjane, nikaketi mkekani, nikaandika kila alichosema. Marehemu alikuwa mpole, msikivu, mwenye subira. Wasifu ulisomwa makaburini. Msomaji alipofika kwenye "subira", mtu mmoja alikohoa. Kisha mwingine. Alipofika kwenye "msikivu", waombolezaji wote walikuwa wanakohoa kama mbuzi waliopita penye moshi wa pilipili, na mabega ya waliobeba jeneza yalikuwa yanatikisika.

"Ulimwuliza mjane," Bibi Verediana aliniambia jioni ile, "na mjane anamlilia. Ulipaswa kumtafuta mtu anayemcheka."

"Bibi, msibani nitampata wapi mtu wa kucheka?"

"Uani, mjinga wewe! Kwenye masufuria. Pale yuko shemeji yake anayejua ni nyundo ngapi alizowarushia wanafunzi wake, na ngapi zilirudi."

Nilidhani ni utani wa mtu mzima. Baadaye nikaelewa kwamba alikuwa ananipa kazi yote kwa sentensi moja. Anayekucheka kwa upendo amekuona ukianguka na hakuondoka. Shahidi wa namna hiyo hanunuliki. Tangu hapo, kila aliyekuja kunikodi nilimwomba jambo moja kabla ya kuandika neno: nionyeshe mtu anayekucheka. Wanaokusifu baki nao. Niletee dada yako, mwenzako wa bweni, mpishi wenu, yeyote anayeanza kutabasamu jina lako likitajwa.

Kanuni iliyozaliwa Sinza, hata hivyo, ililazimika kuja kuishi Kigali, na hapa niliiogopa. Katika mji wetu wapo watu ambao wote waliowahi kuwacheka waliondolewa katika msimu mmoja, mwaka ule ambao sihitaji kuutaja. Mimi sikuwapo, nilikuwa ng'ambo ya mto Kagera. Ningewezaje, mimi niliyerudi baadaye na wazazi wangu wote wawili wakiwa hai, kumtazama mtu wa namna hiyo usoni na kumwambia aniletee aliyemjua utotoni? Kuna maswali ambayo hukata hata yakiulizwa kwa sauti ya chini.

Aliyenitoa hofu hiyo alikuwa Innocent, fundi umeme wa Gitega, hapahapa mjini, aliyekuwa anajiandaa kuoa. Aliketi pale mlangoni, akasema bila kuzunguka kwamba hana baba, hana mama, hana ndugu wa damu. Kila nilipouliza juu ya utoto wake alijibu, "Sijui. Hapo sikumbuki." Jina la babu yake wa upande wa mama hakulijua. Nilikuwa nimeshaazimia kuimeza kanuni yangu, lakini ulimi uliozoea hauombi ruhusa, swali likatoka. Nikaona uso wangu unapata moto. Yeye alitoa simu mfukoni, akapiga, akazungumza maneno machache, na kabla chai haijapoa akaingia mwanamke mfupi aliyebeba mtoto mgongoni.

"Huyu ni dada yangu, Claudine," akasema Innocent.

Walikutana shuleni. Huko yatima walikuwa wamejiundia familia: mmoja akachaguliwa kuwa baba, mwingine mama, ingawa baba mwenyewe alikuwa bado hajaota ndevu, na wengine wote wakawa kaka na dada. Familia hizo hazikuvunjika shule ilipokwisha. Claudine alinitazama, akamtazama Innocent, akapiga makofi.

"Mama, unataka kumusifu huyu? Huyu iko anaogopa kuku!"

"Claudine!"

"Nasema ukweli. Shuleni tukipewa kazi ya kufagia banda, yeye anapanda juu ya meza. Fundi wa umeme! Waya anashika. Kuku, oya, hapana!"

Innocent alijifunika uso kwa mikono, akicheka mpaka machozi. Niliwaingiza kuku wale katika hotuba. Msemaji wake aliomba, kwa heshima zote, kwamba vyovyote itakavyokuwa zawadi ya wakwe, isiwe na mabawa, na hema la upande wa pili likaanguka kwa kicheko. Tangu gusaba hiyo, kila mara nilipoandikia upande wa binti, nilimwekea msemaji wetu ombi lilelile mdomoni: sifa tumezisikia, tumeshiba, sasa tupeni aibu yake moja. Ombi hilo lilipendwa. Wasemaji wengine waliliiba, nami sikulalamika.

Innocent alinifundisha mambo mawili. La kwanza, kwamba hata aliyenyang'anywa kila mtu huwa na mtu. La pili, kwamba maisha ya kweli yana matundu. Mtu mkweli husema "sijui" bila haya, tena mara nyingi.

Ninajua kwamba siku hizi mna programu katika simu zenu ambazo huandika hotuba ya gusaba kabla maji hayajachemka. Sizidharau, nimezitumia kusahihisha tahajia, nazo zinaona vizuri kuliko mimi. Lakini sijaona moja iliyomwambia mteja, "Rudi nyumbani, uje na dada yako." Hutia maneno katika kila tundu. Na kuna watu ambao hilo ndilo wanalolitafuta.

Fabrice alikuja asubuhi yenye jua kali, akabisha lango kwa ufunguo wa gari. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mwenye sauti ya chini na viatu visivyo na vumbi, ingawa alisema ametoka Kinyinya, kwenye nyumba anayoijenga. Alitaka kumwoa Alice, mfamasia, binti wa watu waliorudi kutoka Bujumbura. Alikuwa amewaambia wakwe watarajiwa kwamba yeye ni yatima wa mwaka ule. Alichotaka kwangu ni maneno ya msemaji wake: ukoo wote, baba, mama, na mwisho wao.

"Ulikuwa na umri gani?" nilimwuliza.

"Miaka mitatu, Mama Keza."

Sikuwa nimemwambia kwamba nina binti aitwaye Keza. Nilijiambia kwamba amelisikia jina kibandani.

"Na nyumbani kwenu, kuna chochote unachokikumbuka?"

"Lango lilikuwa la kijani, na komeo lilikuwa limevunjika upande wa kushoto." Akaendelea. Alitaja ng'ombe wa baba yake kwa majina na rangi zao. Alitaja wimbo ambao mama yake aliuimba, na nguo aliyovaa jirani aliyembeba na kumtorosha. Alifika mahali pa kulia, akalia, kisha akajifuta kwa leso iliyokunjwa pande nne na kuirudisha mfukoni ikiwa bado imekunjwa. Hakusema "sijui" hata mara moja. Mtoto wa miaka mitatu.

Sikumwamini, na papo hapo nikajiogopa kwa kutomwamini. Je, kama ni kweli? Je, kama aliambiwa yote hayo na mtu aliyenusurika, akayashika kwa sababu hana kingine cha kushika? Katika mji wetu neno "yatima" hufunga maswali, na ni haki lifunge. Nilihisi kwamba nikikosea, nitakuwa nimemrushia jiwe mtu aliyekwisha kupigwa. Nikaegemea kanuni yangu kama mtu anayeegemea ukuta gizani.

"Nionyeshe mtu anayekucheka."

Akatabasamu. "Wote walikufa, Mama Keza."

"Hata wa leo. Mliyesoma naye. Mliyefanya naye kazi. Hata fundi wako wa Kinyinya."

Tabasamu lilibaki, lakini macho yalitoka ndani yake. "Hakuna mutu anayenicheka," akasema polepole. "Mimi si mutu wa kuchekwa."

"Basi kazi hii sitaifanya."

Nikanyamaza, kama nilivyowafundisha. Wateja wote niliowakataa walivunja ukimya ule wenyewe: walibembeleza, walifoka, walicheka. Yeye aliketi ndani yake kama mtu aliye nyumbani kwake. Nilisikia kibandani mtu akihesabiwa chenji. Hatimaye akainuka.

"Keza anaimba vizuri," akasema. "Nilimusikia kanisani, Jumapili."

Akatoka, akalifunga lango taratibu, akiliinua kidogo kwenye bawaba ili lisilie. Wageni hawalijui hilo. Ni sisi wa nyumba tu tunaojua kwamba lango letu huinuliwa.

Hakunitisha, mnaelewa? Ningekwenda kwa nani, na niseme nini? Kwamba bwana mmoja amemsifu binti yangu kwa sauti nzuri? Majuma yaliyofuata gari jeupe lilisimama mara kwa mara kwenye kibanda cha vocha. Alishuka, alinunua, alinipungia mkono dirishani kwa adabu, akaenda zake. Nilianza kufunga pazia mchana. Nilianza kumsindikiza Keza kwenye mazoezi ya kwaya, naye alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu.

"Mama, kwani nimeiba?" aliniuliza njiani. "Mbona unanishika mkono kama mtoto wa chekechea?"

"Nanyoosha miguu."

"Miguu yako haijawahi kupenda kwaya."

Alicheka. Mimi nilikuwa natazama nyuma.

Wakati nikiwa katika hali hiyo ndipo alipokuja Goreti. Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye kitenge cha rangi ya machungwa na Kiswahili cha Bujumbura. Alianza kuzungumza kabla hajaketi.

"Dada, mie ni shangazi ya Alice. Tuna gusaba, na musemaji wetu ni Muzee Gaspard. Alikuwa bwana mifugo, unamujua? Ana ulimi, lakini akili inaanza kumutoroka. Tunataka umuandikie."

Nilipouliza jina la mvulana nilikuwa nimeshalijua.

Nawaomba msimame nami hapo kidogo, maana ndipo pagumu pa kazi yetu. Maneno ya mteja ni amana, hata ya mteja uliyemkataa. Mwandishi anayeyatembeza hafai kukodiwa na mtu yeyote. Isitoshe, nilijua nini? Lango la kijani na leso. Njia nyepesi ilikuwa kumkataa Goreti naye. Nisingekuwa upande wowote. Gari jeupe lingechoka kunitazama. Nilifungua mdomo, na sentensi yangu niliyoitumia maisha yote ilikuwa tayari ulimini: kazi hii sitaifanya.

"Ee, mbona umebadilika, dada? Iko nini?"

"Alice yukoje?" nikauliza, ili nipate muda wa kupumua.

"Alice?" Goreti akaanza kutikisika kwa kicheko. "Huyo! Kichwa mawe. Alipokuwa mudogo alimeza sarafu, akakataa kusema ni ngapi, eti ni akiba yake. Mpaka leo anaongea na mimea yake ya dirishani kuliko na watu. Akipenda mutu, amependa, hasikii." Akafuta macho. Kisha sauti yake ikashuka. "Huyu mvulana tulimuuliza habari za kwao. Akasema ni yatima. Sasa utauliza nini tena? Tuliinamisha vichwa."

Niliyasikia maneno hayo, na nikatambua kwamba woga niliokuwa nao wakati ule si ule ulionifanya nimkatae Fabrice. Ule ulikuwa tumboni, na ulikuwa unamtazama yeye. Huu ulikuwa miguuni, na haukumtazama mtu ila mimi. Alice alikuwa anaozwa kwa mtu ambaye hakuna amjuaye, nami nilikuwa napima ukubwa wa pazia langu. Nikamwambia Goreti kwamba nitaandika.

Niliandika kama siku zote. Binti yuko ng'ambo, ndege imechelewa, wageni wavumilie. Nilipofika mahali pa ombi langu la kawaida, vidole vilikataa. Niliinuka, nikaenda kuhakikisha kwamba mlango umefungwa, nikarudi, nikaliandika. Halikuwa na neno hata moja kutoka kinywani mwa Fabrice. Lilikuwa ombi lilelile lililoletwa duniani na kuku wa Innocent.

Siku ya gusaba niliketi nyuma ya hema la upande wa binti, karibu na masufuria, mahali ambapo Bibi Verediana angeketi. Fabrice alikuwa mbele, amevaa vazi jeupe begani na fimbo mkononi, mzuri kama picha. Nyuma yake waliketi wazee wa heshima ambao sikuwa na shaka kwamba walikodiwa. Mmoja wao aliitazama fimbo yake kana kwamba wametambulishwa asubuhi ileile. Yaliyosemwa yalisemwa kwa Kinyarwanda, nami ninawatafsiria. Msemaji wao alimsifu kijana mpaka jasho likamtoka. Mzee Gaspard alisikiliza, mikono juu ya fimbo, kisha akasimama.

"Sifa tumezisikia, tumeshiba," akasema. "Sasa tupeni aibu yake moja."

Watu wakacheka. Msemaji wao naye akacheka. "Aibu? Huyu hana!"

"Hana? Basi mmetuletea malaika, nasi hapa tunaozesha watu. Malaika wenu anakula ugali?"

Kicheko kikapanda. Mzee mmoja wa upande wao akaona aokoe jahazi. "Alitumbukia mtoni akichunga ndama," akasema.

"Afadhali! Mto upi, mwenzangu? Nimetibu ng'ombe nchi hii yote, na mito yote imenilowesha suruali."

Mzee yule wa upande wao akataja mto wa kaskazini. Katika pumzi ileile msemaji wao akataja mto wa mashariki. Watu walidhani ni sehemu ya mchezo, wakazidi kucheka, kisha kicheko kikaanza kukatika kama mvua juu ya turubai, kwanza pembeni, baadaye katikati, mpaka ikasikika mifuniko ya masufuria tu. Mzee Gaspard hakuwa anachekesha tena. Hakuna aliyemwandikia alichosema baada ya hapo.

"Tunajua kwamba wapo waliofiwa na wote," akasema kwa upole. "Wengi tuko hapa. Kwa hiyo sitaki wa zamani. Nileteeni mmoja wa jana. Mmoja tu anayemcheka kijana huyu, nami nitamtoa binti kwa mkono wangu."

Hakuna aliyesimama. Fabrice hakumtazama Mzee Gaspard. Alizungusha macho polepole katika hema letu, safu kwa safu, mpaka nyuma, mpaka kwenye masufuria, mpaka kwangu. Akatabasamu.

Goreti alisimama, akakaza vazi lake begani, akaingia ndani ya nyumba. Wapiga ngoma walishika mirija ya soda wasijue la kufanya. Tulisubiri. Aliporudi alimnong'oneza Mzee Gaspard sikioni, na mzee akawageukia wageni akiwa na uso wa sherehe uleule.

"Wageni wetu, binti yetu bado yuko ng'ambo. Ndege yake haikuruka. Kuleni, mnywe, na siku mtakapompata anayemcheka kijana wenu, mtatukuta hapahapa."

Hakuna aliyetukanwa. Wakati hema lao linainuka, Fabrice alipita karibu nami kana kwamba anatafuta maji ya kunawa.

"Swali lako zuri, Mama Keza."

"Ninamwuliza kila mtu," nikasema.

Ukweli ulikuja baadaye, na ulikuja na Goreti. Ndugu zake walioko Mbarara, ng'ambo ya mpaka wa Uganda, walikuwa wameulizauliza. Fabrice alizaliwa huko, alikulia huko. Alikuwa na mke huko, na watoto. Mama yake, ambaye kifo chake nilisimuliwa mezani pangu pamoja na wimbo aliokuwa akiuimba, alikuwa anauza viazi sokoni.

"Wakamuambia mama yake, 'Mwanao amekuzika Kigali,'" Goreti akanieleza. "Unajua alifanya nini? Alicheka, dada! Akafikiri ni muzaha. Akasema, 'Huyo? Huyo tangu mudogo anadanganya mpaka mbuzi wanamuamini!'"

"Alicheka," nikasema.

"Alicheka sana. Kisha akaona hawacheki. Akakaa chini, hapo kwenye magunia."

Kumbe alikuwa naye, mtu anayemcheka. Ni yuleyule ambaye Fabrice alimzika kwa maneno.

Ningependa kuishia hapo. Mngeondoka mkidhani kwamba kanuni ilitosha, na ningebaki mjanja machoni penu. Lakini nilikuwa nimemwambia Goreti kwamba Fabrice alinijia kabla yake na nikamkataa, na Alice akaja. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomfikiria, amevaa koti jeupe la dukani kwake, na hakukubali chai.

"Ulijua tangu lini?" akaniuliza.

"Sikujua. Niliogopa tu."

"Tangu lini?"

"Tangu siku aliyonisimulia lango la kijani."

"Lango la kijani alinisimulia hata mimi. Nililia." Alikunja mikono. "Maneno yake yalikuwa yake, sawa. Shangazi amenieleza sheria zenu. Na woga, Mama Keza? Huo nao ulikuwa wake?"

Nilisogeza kando kikombe alichokikataa.

"Ungekuja dukani, ukasema, 'Alice, huyu mtu ananiogopesha.' Hivyo tu, bila siri yoyote. Labda ningekufukuza. Labda ningeolewa. Lakini nisingeyasikia dirishani, nimevalishwa, nimepakwa mafuta, nasubiri kuitwa, huku watu wote wakisikia pamoja nami."

Alikuwa amesema kweli. Niliyatunza maneno ya mteja kwa uaminifu, kisha nikautunza na woga wangu kama vile nao niliukabidhiwa, wakati ulikuwa mali yangu mwenyewe, na ningeweza kumgawia yeyote niliyetaka. Hili ndilo ninalowaachia: mnapomkataa mtu kwa sababu amewatetemesha, angalieni ni nani mwingine aliyeketi karibu naye, mwende mkamwambie kwamba mmetetemeka.

Alice aliinuka kwenda zake. Alipofika dirishani alisimama, akasogeza pazia kwa kidole kimoja. Gari jeupe lilikuwa limesimama kwenye kibanda cha vocha. Huenda lilikuwa la Fabrice, huenda halikuwa lake. Magari meupe Kigali ni mengi.

"Unaogopa?" akaniuliza bila kugeuka.

"Ninaogopa."

"Na mimi."

Nikachukua khanga yangu mgongoni mwa kiti. Tulishikana mikono, tukavuka ua kulielekea lile gari, na sikuliinua lango, nililiacha lilie.